Usimwulize muuzaji, iulize sahani

Sahani yangu ya kwanza yenye nembo ya ukoo niliinunua Uingereza, kwenye soko la vitu vya kale. Muuzaji alinitajia jina la ukoo nami nikaliamini. Nikapoteza miezi minne nikipekua kumbukumbu za watu wasiohusika kabisa. Kama ndiyo kwanza unaanza kukusanya kauri hizi, nisikilize kabla hujaingia shimo hilohilo.

Igeuze kwanza. Yangu ilikuwa na herufi BFB chini ya taji, zimegandamizwa kwenye udongo kabla ya kuchomwa. Ni chapa ya Barr, Flight & Barr wa kiwanda cha kauri cha Worcester, Uingereza, ya kati ya 1804 na 1813. Ubia ulipobadilika ikawa FBB, na hiyo ilidumu hadi 1840.

Utamu wenyewe uko kwenye ngao iliyochorwa kwenye sahani. Ikiwa imegawanywa katikati toka juu hadi chini, hiyo ni ndoa: kushoto kwako unayetazama ni nembo ya mume, kulia ni ya ukoo aliozaliwa mke. Ukikuta ngao ndogo imepachikwa katikati ya kubwa, ujue mke hakuwa na kaka na ndiye aliyemrithi baba yake. Na nembo ikichorwa ndani ya umbo la uru, kama lile la karata, mwenyewe alikuwa mwanamke asiyeolewa au mjane.

Muuzaji wangu alimtazama simba aliyesimama juu ya ngao, basi. Simba kama huyo wanaye koo chungu nzima! Tena Uingereza nembo si mali ya jina. Ni ya mtu aliyepewa na uzao wake, na College of Arms ya London, iliyoanzishwa 1484, ndiyo inayotunza orodha. Wawili wanaweza kuitwa jina moja na mmoja wao asiwe na haki yoyote juu ya nembo ile.

Kwa hiyo usitafute jina, tafuta ndoa. Kuna vitabu vilivyopanga nembo kwa michoro yake. Nilipata ukoo wa kushoto, kisha wa kulia, nikaenda kwenye daftari za ndoa za kanisa. Tangu 1754 maharusi walitakiwa kutia saini humo. Nilipoona saini ya bibi harusi, wino umefifia, nilirudi nyumbani nikaitoa sahani kabatini na kuiweka mezani, nikaitazama upande wake wa kulia hadi giza likaingia.