Barua Niliyoitia Sahihi Bila Kumjua Mwandishi

Juma lililopita msomaji mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Nakuru aliniandikia kwamba amealikwa kwenye kikao cha wafanyabiashara wadogo, nauli na chakula vikilipwa na mwenyeji, ili waunge mkono waraka wa kupinga kanuni za kuwalinda wakopaji. Aliuliza, "Ndugu, niende?" Nilichelewa kumjibu, kwa sababu alikuwa amegusa kidonda.

Mwaka 2019 nami nilialikwa hivyo hivyo. Tangu Septemba 2016 sheria ilikuwa imezikataza benki za Kenya kutoza riba inayozidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4, na mimi, muuza nguo niliyekuwa nimenyimwa mkopo mara mbili, niliamini kwamba ukomo huo ndio ulionifungia mlango. Haukuwa uongo mtupu, kwani benki ziliona heri kuikopesha serikali kuliko kumkopesha mtu kama mimi. Kikaoni tulikuta barua ya kutaka ukomo huo uondolewe imekwisha kupigwa chapa, kichwa chake kikisema kwamba inatoka kwetu wafanyabiashara wadogo. Nikatia sahihi, nikala pilau, nikarudi nyumbani nikijiona mtu aliyesikika.

Mwaka huohuo Rais aliurudisha Mswada wa Fedha Bungeni akitaka ukomo uondolewe, wabunge wakashindwa kufikisha theluthi mbili za kumpinga, na mwezi Novemba ukomo huo ukafutwa. Sidai kwamba barua yetu ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Kilichoniuma ni kuja kuambiwa na mmoja wa waratibu kwamba iliandikwa na wakili wa taasisi moja ya mikopo, iliyolipia hata ile pilau, na ambayo jina lake halikuonekana popote. Mkopo nilipata baadaye, kwa riba iliyonilazimisha kuuza pikipiki.

Mkopeshaji ana haki ya kujitetea. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu nafasi ya kuwasilisha ombi Bungeni. Ubaya ni kujitetea kwa sura ya mwingine. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, uliza nani ameandika, nani amelipa, na kama jina lake litakuwamo kwenye waraka. Ukijibiwa kwa mafumbo, ondoka. Huko Marekani sheria ya mwaka 1995 huwataka watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge na maofisa wa serikali wajisajili na kutaja wateja wao na fedha, ingawa hata hiyo haizigusi barua za kukusanyiwa sahihi kama yetu, kwa hiyo usingoje sheria ikuulizie.

Afadhali uandike mwenyewe. Mwaka 2021, Bunge lilipojadili kuipa Benki Kuu mamlaka ya kuwapa leseni wanaokopesha fedha kupitia simu, niliandika kurasa mbili kwa jina langu, nikataja kifungu ninachokiunga mkono, na nikaeleza jinsi mkopeshaji mmoja alivyompigia simu mama mkwe wangu kwa deni langu la shilingi 3,000. Sheria ilitiwa sahihi mwezi Desemba. Nakala yangu nimeitundika dukani, na wanaocheka wacheke.

Msomaji wangu nilimwambia aende, ale, lakini aulize. Juzi amenijibu kwamba aliuliza, akaambiwa waraka ni wa wote. Hakutia sahihi, na nauli hakupewa.