Bastola ya mtumba: inayong'aa si lazima iwe nzima

SWALI: Fundi, salamu kutoka Dallas. Mimi ni Mkenya mwenye grini kadi, nafanya zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta, na mwenye kituo ameniruhusu niwe na silaha. Nina dola 350 tu. Dukani nimeonyeshwa Glock 22 iliyokuwa ya polisi kwa dola 320, imechubuka mpaka chuma cheupe kinaonekana. Rafiki yangu naye ananiuzia bastola ya 9mm kwa dola 300. Hiyo inang'aa, na anasema ameipiga msasa ndani, akabadilisha springi, triga sasa ni nyepesi kabisa. Alifyatua boksi zima la risasi 50 mbele yangu na haikukwama hata mara moja. Anasema ile ya polisi imechoka. Nichukue ipi, au niachane na mitumba nitafute mpya ya bei nafuu?

JIBU: Ndugu yangu, ya rafiki yako iache. Sijaishika, na bado nakwambia iache, kwa sababu uliyoyaandika mwenyewe yananitosha: amepiga msasa, amebadilisha springi, triga imekuwa nyepesi. Maswali ya namna hii hunijia kila mara, na karibu kila mara muulizaji ameonyeshwa kasoro akaambiwa ni sifa.

Kwanza niitetee ile ya polisi. Bastola ya askari hukaa kwenye ala ya kiunoni zamu nzima. Inasuguana na mlango wa gari, mkanda wa kiti, mvua na jasho, na kila inapochomolewa, pua yake na kingo za slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma inapofyatuka, hupoteza rangi kidogo. Lakini askari wengi huifyatua siku za mazoezi na mitihani ya shabaha tu, mara chache kwa mwaka. Ndiyo maana unakuta nje imezeeka na ndani bado imekaza. Rangi haina kazi yoyote katika kufyatua risasi.

Wala bei yake haikushuka kwa sababu imeharibika. Glock 22 hutumia risasi ya .40, ambayo ni nene kuliko ya 9mm. Risasi ya .40 S&W ilitoka mwaka 1990, na kwa zaidi ya miaka 20 ndiyo iliyopendwa na vikosi vingi vya polisi Marekani. Kisha FBI wakarudi kwenye 9mm, mwaka 2016 wakatoa kandarasi ya bastola mpya za 9mm, na vikosi vingi vikafuata. Bastola za .40 zikarudishwa madukani kwa wingi, ndipo bei ikaanguka. Kilichopungua hapo ni mapenzi ya watu kwa aina ile ya risasi.

Hata hivyo nina sababu moja ya kukufanya usite: .40 inarusha mkono zaidi ya 9mm na risasi zake ni ghali zaidi. Mtu mwenye dola 350 ataishia kufanya mazoezi kidogo. Muulize mwenye duka kama ana Glock 17 au Smith & Wesson M&P9 za 9mm zilizotoka polisi, kwa sababu nazo zipo. Ukikosa, hiyo Glock 22 bado ni chombo kizuri.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Kuna imani imeenea kwamba bastola hutoka kiwandani ikiwa haijamalizwa, na kwamba mtu mwenye msasa, mashine ndogo ya kusagia na saa moja ya nafasi anaweza kuikamilisha mezani kwake. Watu wanaangalia video, wanaagiza springi za dola 15, na kesho yake wanajiita mafundi.

Triga ya Glock ya kawaida huhitaji nguvu ya karibu kilo 2.5 kuivuta. Uzito huo umewekwa kwa makusudi. Mtu akitaka kuupunguza kwa njia rahisi hulegeza springi inayoisukuma pini ya kupigia. Pini inabaki bila nguvu ya kutosha, inagonga fataki, kile kiwashio cha baruti kitakoni mwa risasi, kivivu. Fataki za kiwanda kimoja zitawaka, za kingine, zilizo ngumu kidogo, zitagoma. Risasi iliyogoma ukiitazama kitakoni utaona alama yake: kidoa kifupi kwenye fataki, mahali palipotakiwa kuwa na shimo lenye kina. Uwanjani hilo ni usumbufu. Usiku wa manane kituoni, na mtu ameshavuka kaunta, ni jambo jingine kabisa.

Halafu kuna vile vipande viwili vinavyoshikana kuizuia pini isiende mbele mpaka uvute triga. Pale vinaposhikana ni padogo mno, na ndipo watu wanapopenda kusugua ili mvuto uwe mtamu. Vyuma vya aina hiyo mara nyingi vimetiwa ugumu kwenye tabaka la juu tu, tabaka jembamba kuliko milimita moja. Msasa ukilimaliza, chini yake kuna chuma laini. Siku ya kwanza triga inapendeza kweli, hilo sikatai. Baada ya risasi mia chache chuma laini kinalika, na hapo bastola inaweza kutoa risasi mbili kwa mvuto mmoja, au ikafyatuka yenyewe slaidi inaporudi mbele, kidole chako kikiwa nje kabisa ya triga.

La tatu ni ule mteremko wa nyuma ya mtutu unaoiongoza risasi kutoka kwenye magazini kuingia chemba, pale risasi inapokaa ikisubiri kufyatuliwa. Kuung'arisha kwa kitambaa hakudhuru. Kuusaga kunabadilisha umbo lake, na chini ya mdomo wa chemba panabaki uwazi ambao haukuwepo. Kitako cha ganda kinakosa ukuta wa kukizuia, na presha ndani ya ganda la 9mm, kama la .40, inaruhusiwa kufika psi (pauni kwa inchi ya mraba) 35,000. Okota maganda yaliyotoka kwenye bastola unayoishuku, uyazungushe moja moja kati ya vidole karibu na kitako. Ukihisi kinundu upande mmoja, ganda lilianza kuvimba pale lilipokosa ukuta. Siku litakapopasuka, gesi ya moto itashuka kwenye shimo la magazini, na mkono wako ndio uliolikumbatia.

Mwambie rafiki yako arudishe vipande vyote vya kiwandani, kisha aipeleke kwa fundi mwenye leseni au kwa walioitengeneza ikaguliwe, kabla hajaiuza kwa mtu mwingine yeyote. Ukiona mteremko wa mtutu umesagwa, hakuna wa kuurudisha ulivyokuwa. Hununuliwa mtutu mwingine.

Na lile boksi la risasi 50 lisikutulize. Piga hesabu. Tuseme bastola ina ugonjwa wa kukwama mara moja kwa kila risasi 100 kwa wastani, ambao kwa silaha ya kujilinda ni mbaya sana. Bastola hiyo itamaliza boksi la 50 bila kukwama mara 6 katika kila majaribio 10. Yaani ina nafasi kubwa ya kufaulu mtihani huo kuliko kufeli. Ukiipa risasi 200, nafasi yake ya kupita bila kukwama inashuka hadi karibu asilimia 13, na hapo jaribio linaanza kukwambia kitu. Mimi hutaka risasi 200 za mazoezi, halafu 50 za aina ileile utakayobeba, kwa sababu risasi za kujilinda zenye pua iliyotobolewa hupanda mteremko tofauti na zile za pua ya duara. Ikikwama, badilisha magazini kwanza kabla hujailaumu bastola. Midomo ya magazini iliyopinda na springi zake zilizolegea ndizo huleta matatizo mengi kuliko kitu kingine chochote kwenye bastola za mtumba.

Umeuliza kuhusu mpya za bei nafuu. Zipo zinazofaa. Taurus G3C na Ruger Security-9 huuzwa kwa bei inayokaribia mfuko wako, na Hi-Point C9 chini zaidi. Hi-Point ni nzito na haina sura, slaidi yake ni ya aloi ya zinki, lakini imefanywa nene makusudi na kampuni huitengeneza bure hata ukiwa mmiliki wa tano. Usiichanganye na vile vibastola vidogo vya zinki vilivyotengenezwa California miaka ya 1970 hadi 1990, Raven, Lorcin, Davis na Bryco, ambavyo bado vinazunguka kwa dola 100 au chini yake. Hivyo sivigusi kwa ajili ya mtu anayetegemea kujilinda navyo, hata viwe havijawahi kutoka kwenye boksi.

Mpya au mtumba, andika namba ya silaha na uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa. Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, ile inayoweza kuamuru jiko au kiti cha mtoto kirudishwe, haina mamlaka juu ya silaha za moto kwa mujibu wa sheria. Marekebisho hutangazwa na mtengenezaji mwenyewe, au hupatikana mahakamani. Sig Sauer walitangaza marekebisho ya bure ya bastola yao ya P320 mwezi Agosti 2017. Taurus walifikia mapatano ya kesi mwaka 2015 kuhusu bastola zao kadhaa za zamani, PT-111 Millennium ikiwemo. Mmiliki wa mtumba hapelekewi barua yoyote, kwa hiyo usipotafuta hutajua.

Ukienda dukani, mwombe muuzaji aifungue mbele yako. Magazini itolewe, chemba itazamwe na iguswe kwa kidole, na hakuna risasi mezani. Pitisha mwanga kwenye mtutu kutoka nyuma: ukiona kivuli cha duara kama pete, mtutu umevimba, weka chini uondoke. Slaidi ikiwa imetolewa kwenye Glock, ivute pini nyuma kwa kisigino chake na uirudishe mbele bila kubonyeza kile kitufe kidogo cha usalama kilicho upande wa chini wa slaidi. Ncha yake isitokeze kwenye tundu. Ikitokeza, ile kinga inayoizuia isifyatuke ikidondoka haifanyi kazi. Kisha iunganishwe. Elekeza mtutu upande salama, ukiwa umeinuka nyuzi 45, vuta triga uishikilie, vuta slaidi nyuma na uiachie taratibu kwa mkono. Springi ya slaidi ikiwa nzima huirudisha mpaka mwisho. Ikibaki pengo, springi imechoka, na hiyo hubadilishwa kwa dola chache. Mimi huibadilisha kwenye kila bastola ya polisi bila hata kuuliza umri wake. Vilengeo vinavyowaka gizani usivilipie ziada: mwanga wake hutokana na gesi ya tritiamu, nao hupungua nusu kila miaka 12 hivi, na vingi vya polisi vimeshafifia.

Dola 30 zitakazobaki hazitoshi. Risasi za jaribio peke yake zitakula zaidi ya hizo. Ngoja mshahara mwingine mmoja. Duka lenye leseni linatakiwa kisheria kukupa kifaa cha kufungia pamoja na bastola, basi hakikisha umeondoka nacho, na kama nyumbani kuna watoto ongeza kisanduku cha chuma chenye kufuli.

Hili la mwisho nalisema kwa wote, maana naona matangazo yanavyopita kwenye makundi ya simu ya watu wetu huku Marekani: picha ya bastola juu ya kitanda, "imeboreshwa", bei ya haraka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bastola inayopitishwa kundi hadi kundi mara nyingi imeshamshinda mtu, au namba yake ina historia. Orodha ya silaha zilizoibwa iko mikononi mwa polisi, raia hawezi kuifungua, lakini vituo vingine vya polisi hukuangalizia namba ukiomba.

Wewe mwenye grini kadi unaruhusiwa na sheria ya shirikisho. Utajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununua silaha dukani, utaandika namba yako ya uhamiaji, na jina lako litapitishwa kwenye ukaguzi. Lakini aliye hapa kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi kabisa, ila kwa vighairi vichache, na asimtume mwenzake amnunulie. Tangu 2022 kumnunulia asiyeruhusiwa ni kosa la shirikisho lenye kifungo cha hadi miaka 15 kwa anayenunua, na aliyemtuma naye ana kesi yake, pamoja na ya uhamiaji.

Kama unanunua kwa mtu binafsi, hata katika jimbo kama Texas ambako wakazi wawili wanaweza kuuziana bila ukaguzi, mwombe mkutane kwenye duka lenye leseni mauziano yapitie hapo. Ada kwa kawaida ni makumi machache ya dola. Akikataa, usinunue kwake.