Shangazi, mbona mdomo wangu wabadilika kila saa?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni kijana wa Likoni, nauza viatu kwa duka la mtu hapa karibu na Markiti. Nikiamka mdomo wanuka mpaka mwenyewe naogopa kusalimia watu, nikishapiga mswaki nikala mahamri na mbaazi uko sawa kabisa, ikifika saa tano nahisi umerudi, nikila lanchi waondoka, halafu jioni kwenye feri tumebanana hivi nafunga mdomo mpaka ng'ambo. Dentisti kaniangalia juzi kasema meno na fizi ziko fiti. Sasa ni tumbo au ni nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Tumbo liache, halina makosa mara nyingi. Kwa mtu mzima wa afya harufu hutoka humo humo mdomoni, hasa nyuma kabisa ya ulimi, kule ambako mswaki ukifika wataka kutapika. Pale pana vijidudu visivyopenda hewa, vyala mabaki ya chakula na ngozi iliyokufa na makamasi yanayoshuka kutoka puani, na vikishakula vyatoa gesi za salfa, moja yao ndio ile yenye harufu ya yai viza.

Kinachovitia adabu ni mate. Mtu mzima hutoa kama nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku, lakini si sawa kila saa, ukitafuna yamwagika, ukikaa bila kula yapungua, ukilala karibu yakatike kabisa. Kwa hivyo asubuhi kila mtu ananuka, hata bi harusi aliyefukizwa udi usiku kucha, na ukilala mdomo wazi feni inakupuliza usoni kwa joto hili la kaskazi ndio zaidi.

Sasa angalia siku yako. Hayo mahamri yamekusaidia kuliko unavyodhani, maana kule kutafuna kumeleta mate na chakula chenyewe kimesugua ulimi kikishuka (wengi hupiga mswaki meno ya mbele tu, haraka haraka, kisha sifa zote wanaipa dawa ya meno). Saa tano tumbo tupu, maji hujanywa, umebishana bei na wateja tangu duka lifunguliwe, mdomo umekauka, vijidudu vimepata nafasi yao. Lanchi yasafisha tena, alasiri yarudi. Ni mzunguko wa kawaida, hauna dawa ya kuumaliza.

Ila waweza kuupunguza. Ulimi ukwangue mpaka nyuma, polepole, asubuhi na kabla ya kulala, kwa kijiko hata. Hicho kijiko ukinuse baada ya dakika moja, utajua ukweli, kwa sababu pua yako imezoea mdomo wako na kule "kuhisi" kwako si ushahidi, au muulize dada yako, hatakuficha. Saa nne kunywa maji au dafu. Kabla ya feri tafuna chingamu isiyo na sukari. Peremende tamu mimi sizitaki, zafunika dakika chache tu halafu ile sukari yabaki kuharibu meno. Na kama lanchi ilikuwa na kitunguu saumu kingi, hapo hata ukwangue ulimi vipi, harufu yake huingia kwenye damu ikatokea mapafuni masaa mengi, subiri tu.

Ikiwa siku moja mdomo wanuka kutwa nzima hata baada ya kula, au fizi zatoa damu, au umeanza dawa za presha au aleji mdomo ukawa mkavu kila saa, hapo rudi kwa daktari.

SWALI: Shangazi, Ramadhani mdomo wangu huwa mbaya kutwa. Mswaki wa mti watosha? Bi wa Kibokoni.

JIBU: Ukifunga hakuna kutafuna wala maji, kwa hivyo ile nafuu ya mchana huipati, na ukikaa njaa muda mrefu mwili huanza kuchoma mafuta, harufu yake nayo yaongezeka kwenye pumzi. Mswaki wa mti wasafisha meno vizuri ukiutumia sawasawa, tatizo lako liko kwenye ulimi. Ukwangue baada ya daku, unywe maji ya kutosha, usilale na ladha ya samaki mdomoni. Mambo ya kuutumia mchana ukiwa na saumu muulize ustadh wako, mimi simo.