Bustani ya kuvutia penye ukame: mpe maji njia kwanza, mimea ifuate

Mkuu, umeuliza kama bustani ya sehemu kavu lazima iwe kokoto na kaktasi tu. Hapana. Yangu ina maua karibu mwaka mzima, na sehemu yake kubwa haijui mpira wa maji.

Kabla hujanunua mche, subiri mvua inyeshe, utoke nje uangalie maji yanapita wapi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linamwaga karibu lita 1,000. Mimi nimeyachimbia mfereji mpana wa kina kifupi hadi kwenye miti, na udongo wake nikauinua kuwa matuta. Maji yatuame mbali na msingi wa nyumba, yazame upesi mbu wasipate makazi.

Halafu panga mimea kwa kiu yake. Inayopenda maji iwe michache, karibu na baraza unapokaa. Mshubiri, mkonge na waridi la jangwani viweke juu ya matuta, maana mizizi yake huoza kwenye tope. Bogenvilia ikishakomaa, ibanie maji: ukiinywesha sana inatoa majani, maua yanapungua.

Uzuri unatokana na mpangilio. Chagua aina chache uzirudie kwa makundi. Ukiweka kila aina mche mmoja, panaonekana kama kitalu cha kuuzia miche. Majani ya kijivu yakikaa mbele ya kijani kilichokolea, macho yanatulia hata msimu usio na maua. Kokoto nyeupe siipendi kabisa. Inarudisha mwanga na joto kwenye majani, na macho yanauma mchana. Bora matandazo ya magome au majani makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina.

Mwaka wa kwanza utamwagilia tu, hakuna namna, hata mimea ya jangwani. Ila mwagilia kwa nadra na maji yazame chini sana, mizizi iyafuate huko. Kama udongo wako ni mfinyanzi, yatiririshe polepole kwa matone, la sivyo yatakimbia juu juu. Udongo wa kichanga unataka mboji kwenye mashimo ya ile michache yenye kiu. Mishubiri iache na mchanga wake.