Simu inapokea barua pepe, kompyuta hazipokei

SWALI: Ndugu Mtaalamu, mimi ni karani wa hesabu katika ofisi ya mbao hapa Mafinga, mkoani Iringa. Wiki tatu zilizopita barua pepe zetu zilihamishiwa kwenye seva mpya, na tangu siku hiyo kompyuta nne kati ya saba hazitumi wala hazipokei; zinaandika kwamba seva haipatikani. Tovuti zote zinafunguka, na simu yangu iliyo kwenye WiFi hiyo hiyo inapokea barua vizuri. Tumebadilisha nywila mara mbili bila mafanikio, na sasa fundi anashauri tupige Windows upya. Je, tukubali? – Msomaji, Mafinga.

JIBU: Ndugu msomaji, naomba msikubali kwanza. Nywila haihusiki, kwa sababu kompyuta inashindwa kuifikia seva kabla hata ya kuulizwa nywila. Kwa kuwa simu na kompyuta tatu zinapokea barua, seva mpya ni nzima na ruta yenu haina kosa. Tatizo limo ndani ya zile kompyuta nne, na ninavyolisoma swali lako, limo katika namna zinavyotafsiri jina la seva kuwa namba.

Kompyuta haiifuati seva kwa jina. Kila unapobonyeza kupokea barua, huuliza kwanza jina lile lina namba gani ya IP, na kwa kawaida jibu hutoka kwa seva za DNS. Lakini kabla ya kuuliza huko, Windows husoma faili dogo liitwalo hosts lililomo ndani yake yenyewe, na ikilikuta jina humo, huamini namba iliyoandikwa na haiulizi tena. Mara nyingi mstari wa namna hiyo huachwa na fundi aliyetaka kusaidia siku ambayo DNS ilisumbua. Seva ikihama, mstari unabaki ukielekeza kwenye nyumba iliyokwisha kuhamwa.

Fanya jaribio hili kwenye kompyuta moja mbovu. Fungua menyu ya Windows, andika cmd, bonyeza Enter. Andika nslookup, nafasi, kisha jina la seva kama lilivyo kwenye mipangilio ya barua pepe, na uandike pembeni namba utakayopewa. Kisha andika ping na jina lile lile. Usijali ping isipojibiwa, kwani seva nyingi huizuia. Tazama tu namba inayotokea kwenye mstari wa kwanza. Amri ya nslookup huiuliza DNS moja kwa moja bila kupitia faili la hosts, ilhali ping hulipitia. Namba mbili zikitofautiana, na ile ya nslookup ikawa sawa na inayoonekana kwenye kompyuta isiyo na tatizo, chanzo mmekipata.

Fungua Notepad kwa kubofya kulia na kuchagua kuiendesha kama msimamizi, kisha fungua faili la hosts katika C:\Windows\System32\drivers\etc. Mistari inayoanza na alama ya # haifanyi kazi yoyote. Tafuta mstari wenye jina la seva yenu usio na alama hiyo, uiweke mwanzoni mwake, uhifadhi, kisha ufunge na kufungua upya programu ya barua pepe. Angalia faili lisihifadhiwe kwa jina hosts.txt, maana Windows haitalisoma. Ukikuta humo majina ya benki au tovuti msizozijua, simama hapo na mwite fundi achunguze virusi.

Namba zikilingana, nenda kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao uone kama anwani ya DNS iliandikwa kwa mkono. Irudishe ipatikane yenyewe kutoka kwenye ruta, kisha andika ipconfig /flushdns kwenye dirisha lile la cmd.

Kupiga Windows upya kungeweza kuondoa kosa, kwa kuwa faili jipya la hosts huja safi, na hapo fundi angeonekana amepatia. Lakini kama kompyuta hizo zinapokea barua kwa njia ya POP, yaani ile inayozishusha barua kwenye kompyuta, huenda oda za wateja wenu wa miaka yote zimehifadhiwa humo tu na hazipo tena kwenye seva. Mkilazimika kufika huko, nakilini kwanza barua zote kwenye diski ya nje, na mzifungue kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka.