Kwa nini Halo 5 iliwavunja moyo wapenzi wake, na kama inafaa kuinunua leo

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kwa nini wapenzi wa Halo, mfululizo wa gemu za kupiga risasi za Xbox, wanailalamikia Halo 5: Guardians ilhali wewe ulipoijaribu kwa rafiki yako uliona upigaji wake wa risasi ni mzuri, na kama inafaa ununue diski iliyotumika ili ucheze na mdogo wako likizo hii. Naanza na la pili kwa sababu jibu lake ni fupi. Kwa lengo hilo, usiinunue. Halo 5 haina kabisa uwezo wa kugawanya skrini, si katika hadithi wala katika mapambano ya ushindani, kwa hiyo ili mcheze pamoja kila mmoja wenu atahitaji Xbox One yake, runinga yake, nakala yake ya gemu, intaneti ya uhakika na usajili wa kulipia.

Kwa wengi wetu huku Dodoma, hapo ndipo kidonda kilipo. Halo niliifahamia katika banda la gemu pale Majengo, penye Xbox 360 moja, pedi mbili na benchi lililojaa vijana wanaosubiri zamu. Misheni ya mwisho ya Halo 3 ndiyo iliyokuwa ikijaza watu hadi mlangoni: mwenye pedi ya kwanza anaendesha gari la Warthog, wa pili anasimama nyuma kwenye bunduki kubwa, huku vipande vya sakafu vikiporomoka chini ya magurudumu, na dereva akichelewa kukata kona wote wawili wanatumbukia. Kila mchezaji alikuwa na nusu ya skrini tu, nayo ilikuwa ndogo kiasi kwamba waliokaa nyuma ndio waliopaza sauti sakafu ilipoanza kukatika mbele. Tangu toleo la kwanza la mwaka 2001 hadi Halo 4 ya mwaka 2012, kila toleo kuu liliwaruhusu watu wawili kuimaliza hadithi kwenye runinga moja. Oktoba 2015 Halo 5 ilipotoka, utaratibu huo ukafutwa.

Sababu iliyotolewa ilikuwa kulinda mwendo laini wa picha 60 kwa sekunde. Nakubali kwamba sababu hiyo ina ukweli wa kiufundi, kwa kuwa skrini ikigawanywa mashine inalazimika kuchora mandhari mara mbili, na Xbox One haikuwa na nguvu za ziada. Hata hivyo, ulikuwa uamuzi wa nani apewe kipaumbele, na aliyeachwa ni yule mwenye mashine moja nyumbani na bando la kuhesabu. Mwaka 2017 Bonnie Ross, aliyekuwa akiiongoza 343 Industries, studio iliyoitengeneza Halo 5, alikiri hadharani kwamba uamuzi huo uliwapotezea imani ya wachezaji, akaahidi kwamba matoleo yajayo ya gemu za kupiga risasi yatakuwa na skrini ya kugawanya. Halo Infinite ikatoka Desemba 2021, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba hadithi yake haitapata uwezo huo. Ndiyo maana malalamiko haya hayajaisha.

Sasa nije kwenye hadithi. Matangazo ya kabla ya gemu kutoka yalitujengea picha ya Master Chief, shujaa wa mfululizo huu, akiwa ameasi, akiwindwa na askari mwenzake aitwaye Locke, na tulitarajia kwamba tutazishika pande zote mbili za mgogoro huo. Katika misheni 15, Master Chief unamchezea 3 pekee. 12 zilizobaki ni za Locke na kikosi chake cha Osiris. Pambano kati yao, ambalo lilibeba matangazo yote, ni video fupi unayoitazama bila kugusa pedi, na baada ya hapo uhasama wao hauna uzito tena.

Wapo wanaosema kwamba tunachukia mabadiliko tu, lakini Halo 2 ya mwaka 2004 inawajibu. Humo pia Master Chief aliondolewa katika sehemu kubwa ya hadithi, nafasi yake akapewa Arbiter, kamanda wa upande wa adui. Wengi walinung'unika wakati huo, ila Arbiter alikuwa na jambo lake: alivuliwa cheo, akapigwa chapa ya aibu, akatumwa kwenye kazi ambazo hakutarajiwa kurudi nazo hai, kisha akagundua kwamba imani aliyoipigania ilikuwa uongo. Ukimaliza unamfahamu. Locke nimemchezea hadi mwisho, na bado siwezi kueleza anataka nini zaidi ya kutimiza amri.

La Cortana, akili bandia aliye mwandani wa Master Chief, ndilo lililoniuma kuliko yote. Halo 4 nzima ilijengwa juu ya kuharibika kwa akili yake, na mwishoni anajitoa mhanga ili Master Chief aishi. Nilimwona kijana mkubwa akiinuka kwenye benchi na kutoka nje baada ya tukio lile. Halo 5 inamrudisha akiwa mzima, akiongoza uasi wa akili bandia na kutaka kulazimisha amani kwa mitambo mikubwa iitwayo Guardians. Wazo lenyewe lingeweza kufanya kazi kama lingepewa muda, na kama Master Chief, ambaye ndiye mfiwa, angekuwa ndiye tunayemchezea anapokutana nalo. Badala yake gemu linakata hadithi katikati, na Infinite nayo ikaja kulimaliza suala hilo kwa kusimulia yaliyotokea nje ya macho yetu.

Katika uchezaji wenyewe, Warden Eternal anachosha. Ni adui mkubwa ambaye njia ya kumshinda haibadiliki, yaani kumzunguka na kumpiga mgongoni, lakini unarudishwa kwake mara kadhaa, na kuna wakati wanakuja watatu kwa pamoja. Wenzako wanaoongozwa na kompyuta hujaribu kukuinua ukianguka, na mara nyingi huishia kuanguka kando yako.

Uliyoyasema kuhusu risasi ni kweli. Silaha zina uzito, mwendo ni laini, na mapambano ya Arena ya wanne kwa wanne ni miongoni mwa mazuri zaidi katika mfululizo huu, ingawa sisi wa huku seva zilikuwa mbali na risasi zilichelewa kufika. Kama ungekuwa unacheza peke yako na umeipata kwa bei ndogo, nisingekuzuia.

Kwa ajili yako na mdogo wako, tafuta Halo: The Master Chief Collection ya Xbox One. Diski yake ina hadithi za Halo ya kwanza hadi ya nne, zote zinachezeka na watu wawili kwenye runinga moja. Jiandae kwa sasisho kubwa la makumi ya gigabaiti kabla hamjaanza. Liache lishuke kwa bando la usiku, na uhakikishe unapata pedi ya pili, kwa sababu mashine zilizotumika mara nyingi huuzwa na moja tu. Anzeni na Halo 3.