Kuhusu Kazi ya Kocha wa Warushaji

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ni busara uache kazi ya benki ukawe kocha msaidizi wa warushaji wa besiboli katika chuo kitakachokulipa nusu ya mshahara wako wa sasa. Habari ya mshahara muulize mama yako, ambaye ndiye mshika hesabu tangu tuhamie Texas. Mimi linalonishughulisha ni kama mtu ambaye hakuwahi kuwa nyota anaweza kumfundisha nyota.

Mwaka 1989, tukiwa bado wageni Arlington, niliwaona warushaji wa Rangers, timu ya besiboli ya huku Texas, wakipashana moto kwa mpira wa futiboli ya Kimarekani, na jirani yangu akacheka mpaka akamwaga soda. Aliyewaamuru hivyo ni kocha Tom House, ambaye katika uchezaji wake anakumbukwa zaidi kwa kuudaka, akiwa na wachezaji wa akiba nyuma ya uzio, mpira wa pigo la 715 la kuvusha uzio la mpigaji Hank Aaron, lililovunja rekodi mwaka 1974. Lakini mpira ule wa futiboli, wenye uzito wa karibu mara tatu ya ule wa besiboli, huyumba hewani ukirushwa vibaya, kwa hiyo mrushaji huliona kosa lake papo hapo. Nolan Ryan, mrushaji nyota wa Rangers, aliukubali mpango huo, na mwaka 1991, akiwa na miaka 44, alimaliza mchezo wake wa saba bila wapinzani kupata hata pigo moja salama. Jirani yangu sikumsikia tena akicheka.

Ndiyo maana nasema kila siku kwamba kocha hupimwa kwa mikono anayoiacha mizima. Yule aliyekulazimisha uendelee kurusha ukiwa na miaka 14, huku kiwiko kimevimba, alikuwa na vikombe vingi kabatini, na mpaka leo nikimwona sokoni hubadilisha njia.

Hata hivyo, mfano wangu una kasoro: House alifika ligi kuu, kisha akasomea saikolojia hadi shahada ya udaktari, ilhali wewe uliishia timu ya chuo. Lakini kiwiko chako nacho ni shule, tena ya gharama kubwa.

Mama yako amenikataza kukuamulia, nami natii kwa shida. Ila kabla hujatia saini, waulize ni nani atakayekuwa na neno la mwisho mrushaji akisema mkono unamuuma, wewe au kocha mkuu.

Baba yako